Siku Mkwe Wangu Aliponishika Mkono

Hapa Tukuyu gari la aina ile lilikuwa moja tu, na lilikuwa langu. Jekundu, milango miwili, limelala chini kama paka anayenyemelea, injini ya silinda sita yenye turbo. Likipita Makandana watu walitoka madukani. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Mimi niliyeishia darasa la nne, niliyeanza kwa kufagia kiwanda cha chai, nililinunua kwa viazi na ndizi nilizopeleka Dar es Salaam kwa malori yangu mwenyewe.

Ubaya wake lilikunywa petroli kama lina kisasi nami. Nikaamua kulifunga gesi, ile ile ya mitungi ya kupikia. Watu walicheka. "Bosi, utakuwa unapikia humo?" Nikawaacha wacheke, nikamleta fundi kutoka Mbeya. Alikuwa ameshafunga gesi kwenye teksi nyingi, lakini hili la spoti lilimtoa jasho siku tatu. Tangi la duara alilikaza kwenye shimo la tairi la akiba, bomba akalipitisha chini ya gari mpaka mbele kwenye injini.

Siku ya tatu, gesi ikiwa imeshajazwa, alitaka kupaka povu la sabuni kwenye kila kiungio, aone kama kuna panapovuja. Mvua ilikuwa imeanza na mimi nimechoka kusubiri.

"Fundi, acha sabuni. Hiyo gesi si wameitia harufu makusudi ili watu wanuse?"

"Ndiyo, mzee, lakini..."

"Basi kipimo ni hiki," nikajigusa pua.

Sikuwa natania. Pua ndiyo iliyonitoa kwenye ufagio. Kiwandani majani ya chai yakishasagwa hulazwa kwanza, na kuna dakika yake ya kuyapeleka kwenye moto. Ukiipitisha, chai imeharibika. Msimamizi alikuwa anaangalia saa. Mimi nilinusa nikiwa mlangoni na ufagio wangu, nikasema tayari, na sikukosea. Mwisho wakaacha kuangalia saa wakawa wananiangalia mimi.

Fundi akasema hata hivyo atarudi asubuhi kupima, nisiwashe kabla hajafika. Akaenda kulala gesti, Msasani ya hapa hapa Tukuyu.

Asubuhi sikumsubiri. Banda la gari nimelijenga kwa matofali, halina dirisha, na ile milango mikubwa ilikuwa imefungwa kwa ajili ya mvua. Niliingia kwa mlango mdogo wa pembeni, nikavuta hewa puani kwa nguvu. Safi. Nikakaa kwenye usukani, mlango wa gari nimeuacha wazi.

Hapo ndipo mkwe wangu, mke wa mwanangu wa kwanza, alipoingia kuchukua jembe.

Nimweleze asiye wa huku. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto wako hakutazami usoni, hasemi nawe, na akikuona njiani anakupisha. Siku hizi wengi wameacha. Nyumbani kwangu hatujaacha, na nilijivunia hilo. Mwaka na nusu ameishi uani kwangu hapa mtaa wa Bulyaga, sijawahi kusikia akiniambia neno. Akiwa na shida anamwambia mke wangu, mke wangu ananiletea.

Aliponiona akajifunika kanga usoni, akageuka, akatoka. Nikafurahi moyoni: mtoto ana malezi. Nikaingiza ufunguo kwenye swichi.

Akarudi akikimbia, kanga imeanguka, akaingiza mkono ndani ya gari, akakishika kiganja changu pamoja na ufunguo, akakibana.

"Baba, usiwashe!"

Nilikuwa kama mtu aliyesemeshwa na ukuta. Sauti yenyewe nzito kuliko nilivyodhani. Na vidole vyake juu ya vyangu!

"Mwe! Unanishika mimi?"

"Gesi, baba! Banda zima linanuka! Nusa!"

Nikanusa. Nilinusa mpaka mbavu zikauma. Hakuna kitu. Nikamwambia ananidanganya. Hakubishana, alinivuta kama anavyovutwa ndama mkaidi mpaka nje kwenye mvua.

Mke wangu alikuwa anakuja kutoka jikoni. Bado hatua kumi kuufikia mlango, akaziba pua. "Mungu wangu! Ulikuwa umekaa humo?"

Hatua kumi! Na mimi nilikuwa ndani yake.

Fundi alipofika alituamuru twende mbali, na jiko la mkaa lizimwe, kisha akafungua milango mikubwa taratibu. Alisema gesi hii ni nzito, haipandi juu, inatuama sakafuni kama maji. "Ungezungusha ule ufunguo, mzee, saa hizi tungekuwa tunakuokota kwenye migomba." Hakucheka.

"Lakini sikusikia harufu," nikasema.

Mke wangu akanitazama. "Mwaka mzima unakula maharage yaliyoungua unasema matamu. Nilidhani umekuwa mpole."

Mwaka mzima! Niliingia jikoni nikabandika pua kwenye kitunguu, kwenye mafuta ya taa, kwenye samaki wakavu. Ni kama kunusa glasi ya maji. Pua ile sijui ilikufa lini, wala kwa nini haikuniaga.

Banda lilipopata hewa, fundi akapaka sabuni. Kiungio kimoja nyuma ya tangi kikatoa mapovu mfululizo. Akakikaza, akasema anadhani sasa kimeshika. Mkwe alikuwa amesimama chini ya upenu, amejifunika tena, ametugeuzia mgongo. Nikamwambia mke wangu amuulize kama bado inanuka.

"Muulize mwenyewe," akasema. "Si mmeshashikana mikono?"

Fundi akainama kulifunga boksi la spana, ambalo lilikuwa limeshafungwa. Nikatazama migomba, si mkwe.

"Mwanangu," nikasema, na sauti ikatoka ndogo, "bado inanuka?"

Akaingia bandani, akalizunguka gari polepole, akapiga goti nyuma.

"Bado, baba. Kidogo, upande huu."

Fundi akafungua boksi.