Viazi Vilivyoninyima Jina

Mwanangu, weka simu chini kwanza. Kesho unakwenda studio kule Hayes kucheza picha yako ya kwanza, na kila nikifungua kinywa unanijibu, "I know, Auntie." Unajua nini? Hata mimi nilijua, umri kama wako, na naikumbuka vizuri siku ujuzi wangu ulipoishia.

Tulikuwa tunapiga filamu katika jumba moja la zamani hapa hapa London. Kabla ya hapo nilishakaa nyuma ya mabega ya watu katika filamu kadhaa: abiria, mgonjwa, mpita njia. Safari hii nilipewa sentensi. Moja tu! Lakini aliyesema kitu jina lake huandikwa mwishoni, na aliyekaa kimya haandikwi. Mama yangu, nesi wa kutoka Mombasa ambaye hakuona haya kuniita mzururaji mbele ya wageni, alikuwa amenipa sharti: "Jina lako nilione sinema, la sivyo Septemba unaingia unesi." Sikuutaka unesi hata kidogo.

Katika picha nilikuwa mpangaji maskini aliyealikwa chakula na mwenye nyumba wake. Nile kidogo, nimtazame mwenye nyumba kwa njaa, niseme, "Naomba uniongezee." Basi.

Aliyecheza mhudumu alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Nairobi, mkazi wa Ilford. Aliponisikia nanong'ona bismillah, akainama na bakuli lake la viazi, akaniambia kwa Kiswahili, taratibu kabisa: "Binti, usile. Sukuma sukuma tu kwa uma."

Nikakasirika. Mimi, niliyelelewa kwamba ukipakuliwa unakula, na sahani unaimaliza usije ukaonekana una kinyaa! Nikamwona mzee mchoyo. Kuku aliyekuwa sahanini sikumgusa, sikujua kachinjwa vipi, nikajifidia kwa viazi. Mwongozaji akanisifu, eti nakula kweli kweli.

Hapo ndipo nilipojifunga. Maana ulichokila mara ya kwanza, mwanangu, utakila kila wanaporudia kupiga tukio lile, sahani zisije zikatofautiana. Na walirudia! Mara taa, mara bwana mmoja kasahau maneno yake, mara ndege imepita juu. Kila mara sahani mpya, viazi vile vile, sasa vimepoa, vinaniganda kooni. Msichana wa pembeni yangu anasukuma sukuma kwa uma, katulia, shingo imenyooka. Mzee kila akinipakulia anatikisa kichwa. Nikikumbuka natamani hadi leo kujipiga mimi mwenyewe wa siku ile kofi la mgongo!

Alasiri kamera ikageuzwa kwangu. Mzee akainua bakuli. Nikafungua kinywa niombe kuongezewa, viazi vikanirudi, nikaziba mdomo kwa kitambaa, nikakimbilia nje. Niliporudi, sentensi yangu kashapewa yule msichana wa pembeni. Akaisema kwa njaa ya kweli, maana hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi.

Mzee akanikuta ngazini nalia. Nilitaka anibembeleze. Wapi!

"Nimekwambia kwa lugha ya mama yako, polepole, na bado," akasema. "Nani alikwambia umealikwa? Ile meza ni ya kamera. Nimezeekea kwenye meza kama hizo, na viazi vyao sijui hata kama vina chumvi."

Kisha akaniletea maji, akakaa karibu yangu mpaka nikanyamaza.

Mama alikwenda kuitazama picha ile na mashoga zake. Majina yakapita, langu halimo. Septemba nikaingia unesi. Nilisafisha vidonda vya watu, kazi ya heshima, sikatai, lakini moyo wangu haukuwa pale. Nilipokuja kurudi kwenye filamu na jina langu likaandikwa mara ya kwanza, nilikuwa mama wa watoto wawili, na mama yangu hakuwapo tena kulisoma.

Basi sikia, na usinijibu. Malezi tuliyokupa ni mazuri: nyumbani kwa watu, kula umalize. Lakini kazini si nyumbani kwa mtu. Kabla hujagusa chochote, mtafute aliyezeeka katika kazi ile, hata kama kavaa aproni ya mhudumu, umuulize. Usione haya swali lako kuonekana la kijinga. Na akikwambia jambo lisilokupendeza, lifanye kwanza, halafu ndiyo ukasirike ukitaka.

Mungu akufungulie njia, akupe watu wa kukuonya na masikio ya kuwasikia. Na siku jina lako litakapopita, mwanangu, Mungu anijaalie niwe nimekaa hapo mbele, nilisome mwenyewe, kwa sauti, wageuke watu wote kunitazama.