Kadi Tano za Mwajuma

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa funguo mbili na kanuni moja. Funguo zilikuwa za makabati ya kituo kimoja cha afya huko Gitega. Kanuni ilitoka kwa mkuu wa kituo, mama wa maneno machache.

"Kadi moja, ugonjwa mmoja," alisema. "Mtu akipona, funga. Akirudi na kingine, fungua mpya. Ukichanganya, utatupoteza sote."

Ninyi mnaofungua mafaili kwa kompyuta huenda hamjaiona kadi. Ilikuwa karatasi ngumu yenye jina, umri, lalamiko la mgonjwa na dawa aliyopewa. Kadi za wasiwasi, yaani ile hofu isiyoisha inayokaza kifua na kufukuza usingizi, zilikaa kabati la kushoto. Kadi za sonona, huzuni nzito ambayo kwa Kinyarwanda tunaiita agahinda gakabije, zilikaa la kulia. Kila kabati lilikuwa na chumba chake na siku yake ya kliniki. Nilizipanga hivyo miaka minne Gitega na sita katika kituo cha Niboye, kisha nikarudishwa Gitega kuwa msimamizi wa kumbukumbu. Udaktari sikuusomea. Nilisoma peke yangu, kamusi ya Kifaransa mkononi, kwa sababu nilichoka kupanga maneno nisiyoyaelewa.

Mwaka mmoja kuta zilipakwa rangi, na kadi zote, hata zile za watoto, zikahamishiwa kwenye meza ndefu. Ili nisipoteze hata moja, nikazipanga kwa majina badala ya magonjwa. Hapo ndipo nilipokutana na mwanamke nitakayemwita Mwajuma. Jina lake si hilo, na ameniruhusu kusimulia. Ni fundi cherehani, mtoto wa Gitega, ambaye hakuwahi kutibiwa penginepo.

Alikuwa na kadi tano. Ya miaka kumi: tumbo linauma kila asubuhi ya shule, minyoo haikuonekana. Ya miaka kumi na sita: moyo kwenda mbio, wasiwasi. Ya ishirini na tatu, baada ya kujifungua: sonona. Ya ishirini na saba: wasiwasi tena. Ya thelathini na moja: sonona, na hii ilikuwa bado wazi. Zile nne za mwanzo zilikuwa na neno moja chini: amepona.

Nilikaa kitini. Kwa miaka yote hiyo nilidhani natunza magonjwa, na kumbe mbele yangu kulikuwa na maisha ya mtu, yaliyokatwa vipande vitano na kanuni niliyoifuata mimi mwenyewe. Nikachukua majina mengine. Si wote walikuwa hivyo. Wapo walioogopa utotoni wasirudi tena. Lakini wengi walitembea njia ile ile, hofu ikitangulia, huzuni ikifuata, kisha zote mbili zikiishi pamoja.

Kadi ya tano ilikuwa kwenye orodha ya kufungwa Alhamisi ya wiki ile. Huzuni ilikuwa imepungua, hivyo dawa ingesimamishwa. Usingizi uliokuwa umeanza kupotea ulikuwa jambo la chumba cha kushoto, ambako angesubiri wiki kadhaa bila dawa. Kadi zilionyesha kwamba kila kadi yake ilipofungwa namna hiyo alirudi akiwa na hali mbaya zaidi. Mara ya mwisho alirudi akiwa amebebwa.

Nilimpelekea mkuu wa kituo kadi zote tano.

"Wewe ni mtu wa makabati," alisema. "Tangu lini unatibu?"

"Sitibu, mama. Naomba uzisome kwa kufuata umri."

Alizisoma mara mbili. Kisha akamwita muuguzi wa afya ya akili, naye akamwita Mwajuma.

"Mzee wa makaratasi," Mwajuma alinitania alipoona meza, "umenitandaza kama kitambaa!" Kisha kidole chake kikaenda kadi hadi kadi. "Kumbe huyu wote ni mimi? Nilifikiri iko magonjwa tano."

"Kwako linaanza lipi?" muuguzi akauliza.

"Woga. Unaniambia shona haraka, nguo itaharibika, mteja atakasirika. Naogopa mpaka nachoka kuogopa. Halafu naacha cherehani, naacha kupika, naacha watu. Huko kuacha ndiyo munaita sonona."

Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu jambo hilo. Hakuna iliyonifikisha hapo.

Mkuu aliunganisha kadi kwa pini na kuandika juu yake: "Isifungwe." Muuguzi akaendelea kumpa dawa, kwa kuwa dawa ile ile mara nyingi husaidia wasiwasi na sonona pia. Makabati tuliyaunganisha polepole, kwa miaka miwili.

Sasa nimestaafu, naishi Rebero. Watu huniuliza kama Mwajuma alipona. Sitaki tena kulitumia neno hilo ovyo. Nitawaambia nilichokiona. Mwezi wangu wa mwisho kazini alifika siku ambayo hakuwa na miadi, amevaa vizuri, anacheka na mlinzi getini.

"Kuna nini?" muuguzi akamuuliza.

"Bado hakuna kitu. Ni vile nimeanza kurudi kuangalia mlango kama nimeufunga. Mara tatu, mara nne. Nikasema nije."

Kwa miaka yangu yote pale, ilikuwa mara ya kwanza kumwona mgonjwa akifika kabla ya ugonjwa wake.