Baba Ndani ya Eksteno

Mimi hasira zangu ziko karibu, na kazi yangu haizisaidii. Napiga video za harusi hapa Ng'ambo, Tabora, kwenye kibanda kilichobandikwa ubavuni mwa nyumba ya wazazi wangu. Mteja anataka harusi yake iwe na machozi, iwe na ngoma, na yeye aonekane mwembamba. Ukimaliza, haji kuichukua. Kuna wa Usoke aliniambia, "Nikishauza tumbaku nakuja." Tumbaku imeuzwa, imevutwa, imekuwa moshi, yeye hajaja.

Harusi zote hizo nilizirundika kwenye eksteno moja, kile kiboksi cheusi chenye kisahani kinachozunguka ndani, unakichomeka kwenye laptopu kinakuhifadhia picha. Kilijaa hadi kooni. Kila nikitaka kufuta, baba anatokea mlangoni na kikombe cha chai.

"Usifute ndoa ya mtu. Ukifuta, huko waliko wataachana."

"Baba, hawa walishaachana siku nyingi. Bwana harusi kaoa tena, na nimempiga video tena!"

"Basi usifute. Huenda wakarudiana."

Nikawa nafuta vya kwangu ili vya watu vikae.

Baba alipoanza kuumwa kifua, aliona harusi ya mdogo wangu wa mwisho huenda asiifikie. Akaja kibandani amevaa kanzu, kofia kaiweka upande kama kawaida yake, akasema anataka kumwachia binti yake maneno ya kumtoa nyumbani. Kadi ya kamera ilikuwa imegoma siku hiyo, kwa hiyo niliunganisha kamera na laptopu, picha ziingie moja kwa moja kwenye eksteno.

"Haya, toka nje," akaniambia. "Haya si yako. Wewe nilishakupa yako, ukaenda ukagombana na mumeo."

Loo! Nikaenda zangu jikoni kwa mama nimenuna. Baba aliongea mle ndani muda mrefu, akatoka macho mekundu. "Usiifungue mpaka siku yake," akasema, na baba akishasema huulizi tena. Mvua za mwaka ule hakuziona.

Ikafika harusi ya mdogo wangu. Mama tangu asubuhi hakuuliza pilau wala maturubai, aliuliza tu, "Baba yenu mmemweka vizuri?" Na bibi harusi naye kasema hatoki pale nyumbani bila kumsikia baba yake. Nikafunga televisheni kubwa uani. Umeme ukakatika. Jenereta ikawashwa, ikazima, ikawashwa tena, na laptopu yangu betri ilishakufa, inaishi kwa waya tu. Nikatangaza kwa ukali: hiki kiboksi kikizunguka hakiguswi, hakichomolewi, asikisogelee mtu.

Sasa, jirani yetu ni bibi wa Kizaramo anayekaanga vitumbua chini ya dirisha la kibanda changu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, tangu babu zetu wakishuka pwani na mizigo kichwani. Kwenye harusi au msiba mtani anaweza kukunyakulia chochote, na ni haki yake, hukasiriki, unakigomboa. Yeye na baba walitukanana kwa furaha maisha yao yote.

Nikasema, "Tulieni jamani, baba yumo humu, anaanza."

"Yumo humo?" Bibi akanyanyuka. "Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo, leo mmemfunga mzee wenu mzigo! Basi ni mateka wangu. Leteni jogoo!"

Akaichomoa eksteno, waya na yote, akaitumbukiza kifuani. Uani kote wakaangua kicheko. Mimi nikapiga kelele kama nimeng'atwa na siafu, nikamwambia maneno ambayo haambiwi bibi mzima hata akiwa mtani. Alipoona mama hacheki, akairudisha. Nikaichomeka. Ikalia ka, ka, ka, kama kuku anayetafuta pa kutagia, ikanyamaza.

Mdogo wangu akaanza kulia, wanja ukamshuka hadi kidevuni. Mama alikaa mikono mapajani, anaitazama televisheni nyeusi. Wallahi, nilitamani kumpiga mtu.

Bibi akamvua mjomba wetu mmoja kofia, akaivaa upande kama baba. Kumwigiza marehemu nako ni kazi ya mtani. Hata msibani alimwigiza baba akidai chai. Kwanza akakohoa, kile kikohozi cha baba kinachoanzia magotini. Kisha akasema:

"Mwanangu, mumeo akinuna, mpikie. Akinuna tena, mpikie tena. Akinuna mara ya tatu, funga mzigo urudi. Chumba cha uani sijampangisha mtu."

Mama alishtuka. Kile chumba! Miaka yote anamwomba baba wakipangishe, baba anajibu "bado" na haelezi. Mama akacheka machozi yakimtoka. "Ndiye yeye," akasema. Mdogo wangu akajifuta uso, akatoka na mumewe.

Mimi nilibaki nimenuna. Kizee kimebahatisha, nikajisemea. Alipodai jogoo wake nikamjibu atapata manyoya.

Baadaye nikaipeleka eksteno kwa fundi mmoja wa mjini. Akahangaika nayo, akanipigia simu: baba kapatikana. Nikamtazama palepale dukani. Kanzu ile ile, kofia upande. "Imeanza? Hiki kitaa chekundu ndiyo imeanza?" Akaisogelea kamera mpaka tundu la pua likajaa kioo kizima. Akarudi akakaa, akanyoosha kanzu.

"Mwanangu," akasema. "Ngoja kwanza nikohoe."

Akakohoa. Dirishani ikaingia sauti ya mwanamke: "Kohoa polepole, mtani, mafuta yananirukia! Haya sema, nakusikia."

Ikaishia hapo. Fundi akasema nafasi ndiyo iliisha, kiboksi kilikuwa kimejaa. Kilijaa ndoa za watu, na yule wa Usoke na tumbaku yake.

Nilicheka mpaka fundi akaniletea maji, halafu nikagundua sicheki tena. Nikapitia sokoni. Nikachagua jogoo mwekundu, mkubwa, mkorofi, akanidonoa njia nzima hadi Ng'ambo.

"Shikamoo, bibi."

Hakuitikia. Alimpokea jogoo, akampima uzito kwa mkono, akamfunga mguu kwenye kibanda chake.

"Sasa mtani wangu amegombolewa," akasema, akanivutia kigoda kando ya karai la vitumbua. "Marahaba. Kaa hapo. Na wewe alikutaja."