Swali la Mlinzi wa Geti

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa Bugolobi. Mbele yangu mwanamke aliyekuja na baba yake alimwambia muuzaji, "Musawo, daktari wetu, vidonge vya presha vya mzee sitaki tena. Simu imesema ndivyo vinamsahaulisha. Sasa atakunywa hii." Akatoa chupa ya maji meusi ya mitishamba.

Baba yake, askari mstaafu aliyelinda geti la kambi miaka mingi, alikuwa amemwuliza binti yake huyo, dakika chache tu kabla, anaitwa nani.

"Hiyo ya simu ameandika nani?" muuzaji akauliza.

"Imetumwa kwa grupu."

"Na aliyeileta kwa grupu?"

Binti akafungua chupa, akaipeleka mdomoni mwa baba. Mzee akakaza mgongo, akainua kiganja: "Simama! Wewe nani? Umetoka wapi? Nani anakujua?"

Foleni nzima tulirudi nyuma. Kumbe alikuwa akiisimamisha chupa, si sisi, kama alivyosimamisha wageni getini.

Binti akaifunga. "Musawo, nipe vidonge vyake. Halafu niambie daktari wa kusahau namuona wapi."

Mimi sikusoma, jamani, lakini maswali yale matatu nimeyashika. Habari ya ugonjwa ikiingia kwenye simu ya mjukuu wangu, itayajibu kwanza, ndipo ipite.