Sare Kati ya Tunduma na Isongole

Dada yangu ameolewa Isongole. Mimi nashona viatu Tunduma. Mwaka ule tulicheza sataranji kwa karatasi. Yeye aliandika hatua moja, akampa konda wa Hiace asubuhi. Mimi nilijibu kesho yake, au keshokutwa. Simu tunazo, ila mimi huandika polepole, na kwenye simu dada alikuwa akinisukuma: "Bado tu?"

Tuliwekeana sharti. Atakayeshindwa atasoma neno mbele ya kanisa siku ya mavuno, nyumbani kwetu Ileje. Kwa dada hilo si kitu. Mimi hata sadaka naipeleka nikitazama sakafu.

Dada alianza na askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili. Nami hivyo hivyo. Akatoa farasi, nikatoa farasi. Akatoa wa pili, nikatoa wa pili. Niliogopa kuanzisha jambo langu mwenyewe. Karatasi yake ya nne ilikuja na maneno: "Mdogo wangu, nacheza na wewe au na kioo?" Konda alikwisha kuisoma, maana hatukutumia bahasha. Akanipigia kelele toka mlangoni, "Fundi, dada yako anakuchapa!"

Katikati ya mchezo dada aliacha ngome yake bila mlinzi. Farasi wangu angeweza kuila. Nilikaa na ubao wangu wa katoni siku mbili, vizibo vya soda vimepangwa, nikijiuliza kama ni mtego. Mwishowe niliandika hatua ya kujilinda. Karatasi ilipoondoka nikapiga hesabu upya: haukuwa mtego. Nilikimbia stendi. Hiace ilikuwa imeshatoka.

Baada ya hapo malkia wake akamtishia mfalme wangu, nikasogea. Akatishia tena, nikarudi. Mara tatu palepale. Kisheria hiyo ni sare.

Nilishusha pumzi, nikadhani sharti limekufa. Dada akapiga simu.

"Hakuna aliyeshinda, kwa hiyo tumeshindwa wote. Tunasoma wawili."

"Dada, jamani!"

"Mstari wangu, mstari wako, mpaka sura iishe."

Siku ya mavuno tulisimama kati ya magunia ya mahindi na mikungu ya ndizi. Dada akasoma wa kwanza. Nikasoma wa pili. Bibi mmoja wa benchi la mbele akasema, "Ongeza sauti, mwanangu, hatusikii."

Nikaongeza kidogo. Tulipomaliza, nilikuwa nimeketi kabla dada hajafunga kitabu.