Dua Mbele ya Karani

Juzi, katika kijiji kimoja jirani na Mkokotoni, karani alisoma daftari la wapiga kura kwa sauti, apate kuwafuta waliokufa. Kila akitaja marehemu, watu walinyanyua mikono wakamuombea, naye akangoja, kalamu hewani.

Likaja jina la mzee aliyepelekwa mjini hoi, kutibiwa. Mikono ikanyanyuka kwa mazoea.

"Mungu amrehemu," akasema bibi mmoja. "Alikuwa mtu mwema."

"Naam!" ikaitika sauti mlangoni. Mzee mwenyewe, na mkongojo wake. "Dua nshapokea, ahsanteni. Lakini jina, mwanangu, usilifute."

Tulicheka mpaka karani akaiweka kalamu chini. Mie nilimwonea wivu. Wengi wetu husifiwa tukishafutwa. Yeye kasifiwa, na kura atapiga.