Kambale Weupe wa Ng'ambo

Nakumbuka asubuhi moja pale Kabuta, kijijini kwetu kando ya ziwa, mwanangu, nikiwa binti wa maneno mengi na mikono inayonuka moshi. Vita vilikuwa vikiwavusha watu ziwa kutoka Kongo. Mtafiti mmoja alikuja kukata vipande vidogo vya mapezi ya kambale na kuvitia kwenye chupa za spiriti, ili ajue nani ni ndugu wa nani. Nilipewa kazi ya kuwapanga. Weusi wetu niliwaweka huku, weupe kule, nikasema hao ni kabila jingine, wa ng'ambo.

Wiki hiyohiyo alishuka mtumbwini, kutoka ng'ambo, dada aitwaye Feza, na mtoto mgongoni. Alisema mama zetu ni wa tumbo moja. Nikamtazama: mrefu, mweupe, Kibemba chetu hajui hata cha salamu. Nikasema simjui. Akaenda kulala kwenye kibanda cha soko, na mimi, naona aibu hata leo, nikala ugali wangu nikashiba.

Miezi ikapita, mtafiti akarudi. Akatueleza kwamba weusi na weupe ni ukoo mmoja. Rangi wameipata kwa maji wanamoishi, lakini kuna alama mwilini ambayo kila kambale huirithi kwa mama yake, na alama ile ni moja. Sisi hapa ukoo ni wa mama, kwa hiyo tulimwelewa upesi kuliko alivyotarajia. Wote wakanicheka, isipokuwa Mama Kalunga, mzee kutoka Pweto, upande wa Kongo, niliyekausha naye samaki.

"Samaki banaiuliza mama yake ni nani," aliniambia. "Ule mama na mutoto wake, ulimuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Kuuliza si ujinga, lakini kiburi kilinifunga mdomo. Nilimkuta Feza akipara samaki wa watu, nikamuuliza ukoo wa mama yake. Hakuinua kichwa.

"Bena Isabi," alisema. Ukoo wa samaki, mwanangu, ukoo wangu mimi. Kisha akataja jina la bibi yangu. Nikalia. Yeye akanipisha kwenye kigoda chake, akaniita yaya, dada mkubwa.

Ndugu ni kufaana, si kufanana. Mimi nilitazama kufanana peke yake. Anayebisha hodi kwako, muulize mama yake ni nani kabla hujamtazama rangi. Na hata akikosa kutaja jina unalolijua, mpe maji, mpe pa kulala. Mungu akujalie mlango usiofungwa upesi, na siku utakapovuka wewe, ukute mtu wa kukuuliza.